Dirisha la Jikoni na Namba Saba

Chuo ninachofanyia kazi kiko kwenye mteremko upande wa Sikuda, mahali ambapo ukisimama sawasawa laini ya Kenya inashika, na ukisogea hatua mbili haishiki. Sitii chumvi. Tumejaribu sote, mmoja mmoja, tukiwa tumenyanyua simu juu kama watu wanaopimwa urefu. Laini ya Uganda inashika kila mahali, hadi chooni. Ya Kenya ina makao yake: dirisha la stoo ya jikoni, lile linalotazama mpakani. Hapo inashika bila kukatika, na hakuna anayejua kwa nini.

Na sisi watu wa huku, nani hana laini ya Kenya? Nusu ya wanafunzi wetu wana mzazi, shangazi au mjomba ng'ambo. Mama yangu mwenyewe anaishi Busia ya Kenya, ana cherehani yake sokoni. Mpaka wenyewe nimeuzoea tangu utotoni jinsi mtu anavyozoea kizingiti cha nyumba yao. Kwa hiyo karibu kila mtu chuoni ana simu mbili. Ile nzuri, yenye laini ya Uganda, inakaa mfukoni. Ile kuukuu yenye kioo kilichopasuka na laini ya Kenya inakaa dirishani kwa mpishi.

Sijui nani alianza mtindo huo. Nilipoajiriwa kuwa fundi wa mtandao nilikuta simu nne pale. Baada ya miaka michache zilikuwa kama thelathini, zimepangwa juu ya gunia tupu la unga lililokunjwa vizuri, ubavu kwa ubavu. Mpishi wetu, mama wa makamo kutoka Paya, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye bonde la pili, alizijua zote kwa mlio na kwa gamba. Simu ikilia alijifuta mikono kwenye aproni, akaipokea, akamwambia aliyepiga, kwa Kiswahili chake kisichotofautisha mtu na kitu, "Iko darasani. Sema, mimi napeleka maneno." Akishayapata maneno aliyapeleka kweli, kwa miguu, hadi mlango wa darasa.

Wala hakupeleka maneno matupu. Zamani mwanafunzi mmoja alikataa kuamini kwamba baba yake amepiga, na tangu siku hiyo mpishi hakutoka jikoni bila kuishika simu yenyewe kama shahidi. Laini ilikuwa inapotea akishapita kisima, hilo alilijua, lakini namba ya aliyepiga ilibaki kwenye kioo. "Ona mwenyewe," alisema, akiinua simu. Mwenye simu akishaamini, ilirudishwa dirishani.

Simu yangu ilikuwa mojawapo. Mimi sikuletewa maneno kazini kwa sababu mama yangu ana ratiba. Hupiga saa ya chakula cha mchana tu, anajua nitakuwa jikoni nimeshika sahani. Niliiacha simu pale Jumatatu, Jumanne, mwezi, muhula. Ilikuwa ikilala pale na kuchajiwa pale, na sikuifikiria tena kama mtu asivyofikiria ufunguo uliotundikwa ukutani kwao.

Nimeyaeleza haya mapema ili usije ukaniona mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mjinga kiasi cha kutosha.

Mwaka juzi naibu mkuu wa chuo alianza kulalamika kwamba vipindi vya mchana vina viti vitupu. Naibu ni mtu mwembamba, msafi, anayependa sana neno "nidhamu". Alitaka kujua wanafunzi wanajificha wapi. Mkuu wa chuo, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Madam, akaniita ofisini akaniuliza kama mtandao wangu unaweza kuonyesha.

Nilimwambia unaweza. Niliyasema hayo kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka mitatu. Katika chuo chetu fundi wa mtandao anakumbukwa waifai ikikatika tu. Waifai ikirudi, hakuna anayeuliza fundi amekula nini. Sasa mkuu mzima alikuwa ananiuliza jambo, na kichwa kikanivimba papo hapo.

Jambo lenyewe ni rahisi. Kila jengo lina kisanduku cha waifai nilichokifunga ukutani kwa mikono yangu. Simu ikipita karibu, kisanduku kinaandika: simu fulani imefika saa fulani, imeondoka saa fulani. Ukiviunganisha visanduku vyote unaona simu zinavyotembea mchana kutwa, kutoka bweni hadi darasani, darasani hadi maktaba. Zaidi ya hapo, simu mbili zikiwa chini ya kisanduku kimoja kwa wakati mmoja, unaweza kuandika kwamba zimekutana. Zikikutana mara nyingi, ni marafiki. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Kitu kimoja nilikifanya vizuri, na ninajisifu kwacho hadi leo. Sikutaka kujua nani ni nani. Nilitengeneza programu ndogo iliyofuta utambulisho wa kila simu na kuipa namba, moja, mbili, tatu, na nikaitupa orodha iliyounganisha namba na simu. Madam aliridhika. Naibu alinung'unika, maana alitaka majina.

Wiki zilizofuata nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Niliamka na kukimbilia rekodi zangu kabla ya chai. Niliona saa sita na nusu watu wanavyoporomoka kwenda jikoni kwa mpigo mmoja, kana kwamba mtu ameinamisha chuo. Niliona Ijumaa alasiri namba zinavyotoka getini moja moja na kupotea, nyingine kwenda Malaba, nyingine Tororo mjini, na Jumatatu zinavyorudi zikiwa zimechelewa. Niligundua kwamba maktaba hujaa mvua ikinyesha, kwa sababu paa la bweni la wanaume linavuja.

Nilipata hata wapenzi. Namba fulani ilikuwa ikitembea peke yake tangu muhula uanze, maskini, kutoka nyumba za walimu hadi darasani na kurudi. Wiki ya nne ikatokea namba ya pili kando yake, na tangu siku hiyo hazikuachana. Ziliamka pamoja, zikaenda darasani pamoja, zikala pamoja. Zilikwenda hata chooni pamoja. Hapo mtu mwenye akili angesimama kidogo. Mimi niliwashangilia kimoyomoyo, nikasema mapenzi ya siku hizi yamezidi.

Kisha nikagundua jambo la jikoni.

Kisanduku cha jikoni kilionyesha namba kama thelathini zilizokaa pale kuanzia asubuhi hadi jioni. Hazikwenda vipindi vya asubuhi. Hazikwenda vipindi vya mchana. Zilikutana zenyewe kwa zenyewe kutwa nzima, kundi la marafiki wasioachana, na mara mojamoja moja wao alichomoka mbio hadi mlango wa darasa fulani, akakaa hapo dakika mbili, kisha akarudi jikoni mbio vilevile. Nilijua mara moja maana yake. Huyo alikwenda kuandikisha jina kwenye rejista, akatoroka tena. Nilikasirika mimi, mtu ambaye enzi zangu za uanafunzi nilitoroka vipindi vya hesabu hadi mwalimu akanisahau.

Wewe unayesoma umeshaona. Mimi sikuona. Nilikwenda jikoni kila siku, nikapita mbele ya dirisha, nikaichukua simu yangu, nikaongea na mama, nikairudisha juu ya gunia, nikarudi mezani kwangu kuandika ripoti juu ya watoro wa jikoni. Nadhani sababu ni kwamba watu nilikuwa nawatafuta kwenye rekodi, na dirisha lilikuwa dirisha tu. Tena katika hesabu yangu simu moja ilikuwa mtu mmoja. Mimi mwenye simu mbili niliandika hivyo.

Ripoti ilikuwa na ramani ya chuo. Kila kisanduku nilikichorea duara, kubwa au dogo kwa kadiri ya simu zilizokaa pale saa za vipindi. Duara la jikoni lilikuwa kubwa kuliko yote, jekundu, na kando yake niliandika kwa herufi nzito: KIJIWE. Nilichapisha nakala tano, nikazibana kwa pini, nikazitazama kwa muda mrefu.

Kikao kilifanyika Alhamisi, saa tano asubuhi, ofisini kwa Madam. Vikao vyetu huanza kwa Kiingereza na kumalizika kwa Kiswahili, hasa watu wakishapandwa na hasira. Tulikuwa watu watano. Nilitundika shuka jeupe ukutani, nikawasha projekta, nikawaonyesha ramani yenyewe ikiwa hai, vidoti vyenye namba vikisogea. Walitoa macho. Mhasibu wa chuo alisema, "Ai! Kumbe mnatuona hivi?" Nikajibu kwamba hatuoni watu, tunaona namba, na nikajisikia daktari.

Naibu hakutaka vidoti. Alitaka duara jekundu. Alilitazama, akalisoma neno nililoliandika, akageuza kalamu yake mara mbili mezani.

"Madam, mimi nilisema," alianza. "Yule mama amegeuza jikoni kuwa mahali pa kukaa. Anawapa chai, anawapigisha stori. Muhula ukiisha tumwachishe kazi. Tutafute mtu wa nje alete chakula kimepikwa, afike saa sita, aondoke saa nane, jikoni ifungwe."

Sikuwa nimefikiria kwamba mwisho wa duara langu kulikuwa na mtu. Nilikuwa nimewafikiria wanafunzi wakikemewa mstarini asubuhi, basi. Mpishi alikuwa amenilisha miaka mitatu. Nikiwa na malaria alinipikia uji bila mtu kumwomba, akauleta chumbani kwangu, akakaa hadi nikaumaliza.

Madam alinigeukia. "Fundi, una uhakika na hii?"

Hapo ndipo ningesema sina. Lakini mimi nina hasira za karibu, na mtu akiuliza kama nina uhakika na kazi yangu, huwa nina uhakika. "Madam, rekodi hazina kinyongo na mtu," nilisema. "Zinaandika kilichopo." Nilisikia sauti yangu ikitoka kavu, na sikuipenda, lakini ilikuwa imeshatoka.

"Basi tuonyeshe mmoja," alisema. "Yule sugu kuliko wote."

Hilo lilikuwa rahisi. "Namba saba," nilisema. "Tangu muhula uanze hajatoka jikoni hata siku moja."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Analala huko?"

Nilitazama rekodi. "Analala huko, Madam."

Mhasibu alicheka. Madam hakucheka, alivua miwani. "Fundi, mtu gani analala jikoni muhula mzima na hakuna aliyemwona?"

Kabla sijajibu, mhasibu akanyoosha kidole ukutani. "Si ndiye huyo?" alisema. "Mbona anatembea?"

Tuligeuka sote. Kidoti namba saba kilikuwa kimetoka jikoni. Ramani yangu hujiandika upya kila dakika, kwa hiyo kilikuwa hakisogei, kilikuwa kinaruka. Dakika moja kiko kisimani, karibu na maabara. Tukasubiri. Dakika iliyofuata kiko maktaba. Naibu alisimama, akavuta koti lake likakaa sawa.

"Anakuja huku," alisema Madam, kwa sauti ya chini.

Kidoti kikaruka tena. Sasa kilikuwa chini ya kisanduku cha jengo la utawala, yaani kisanduku kilichokuwa juu ya vichwa vyetu. Naibu alikwenda mlangoni kwa kunyatia, mtu mzima na tai yake, akashika kitasa. Nilijua kwamba sasa nitauona uso wa mtoro niliyemfuata wiki sita.

"Hodi," ilisema sauti ya kumwita mtu aliye bonde la pili.

Naibu akafungua mlango kwa nguvu. Alikuwa mpishi, na aproni yake, na simu mkononi ameiinua usawa wa sikio. Gamba la simu lilikuwa la kijani, limeshonewa kitambaa pembeni pale lilipochanika. Kitambaa hicho alikishona mama yangu.

"Samahani, Madam, mimi najua nyinyi mko na mkutano," alisema. "Fundi, mama yako amepiga. Anasema amevuka. Iko kwa boda, nakuja. Mimi nimeonyesha yeye njia. Ona mwenyewe."

Akanionyesha kioo. Ukutani nyuma yangu namba saba ilikuwa imetulia juu ya ofisi ya mkuu wa chuo.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimtazama Madam, naye alikuwa anatazama simu, kisha ukuta, kisha mimi, na niliona jambo lenyewe likimpanda usoni taratibu kuanzia kidevuni.

"Fundi," alisema, "hiyo simu ni ya nani?"

"Yangu, Madam."

"Na inalala wapi?"

"Jikoni, Madam. Dirishani."

"Ziko ngapi huko dirishani?"

Mpishi alijibu badala yangu, kwa fahari. "Mingi, Madam. Kama thelathini. Zote za Kenya. Ikipiga, mimi napeleka kwa mwenyewe mpaka darasani, halafu narudisha."

Mhasibu aliweka kichwa mezani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Madam alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akatoa kitambaa cha mkononi, na mwishowe hata naibu alitabasamu kidogo, bado ameshika kitasa. Mpishi alitutazama kwa wasiwasi, akauliza kama mkutano wetu ni wa harusi. Nilicheka na mimi. Nilicheka kwa sababu ilichekesha, na pia kwa sababu nilikuwa karibu kulia.

Mambo mengine yalikwisha haraka. Nilizitoa simu za dirishani kwenye hesabu hapohapo mbele yao, na duara jekundu likapungua hadi likawa dogo kama la kanisani siku ya kazi. Wanafunzi waliokosa vipindi vya mchana walikuwa mabwenini wamelala, kama kila mtu alivyojua isipokuwa ramani. Naibu alikwenda kuwaamsha. Wapenzi wangu pia niliwachunguza, nikiwa na uchungu kidogo. Zilikuwa simu mbili za mwalimu mmoja aliyenunua ya pili wiki ya nne, akakataa kuiacha dirishani kwa sababu hamwamini mtu. Madam aliniagiza niandike ripoti upya, basi. Ila wiki iliyofuata niliona dirishani simu ngeni yenye gamba la ngozi ya kahawia. Mpishi hakuniambia ni ya nani, na mimi sikuuliza.

Lakini siku yenyewe ilikuwa bado haijaisha, maana mama yangu alikuwa njiani.

Alifika saa sita na robo, amekaa kiupande nyuma ya boda, kifurushi cha samaki wakavu mapajani kimefungwa gazeti. Nilidhani amekuja kuniona mimi. Alinipa mkono, akaniuliza mbona nimekonda, na kabla sijajibu alikuwa anatazama nyuma ya bega langu.

"Ni wewe?" alisema.

"Ni mimi," alisema mpishi kutoka mlangoni mwa jikoni. "Kwa simu ulikuwa mrefu."

Wakakumbatiana, wakacheka, wakashikana mabega, wakakumbatiana tena. Hapo nilijua kitu ambacho sikukijua. Mama yangu hakuwa anapiga saa ya chakula tu. Alikuwa anapiga saa tatu, mimi nikiwa kazini, na hakuwa ananitafuta mimi. Walikuwa wanaongea wao wawili karibu kila siku, mmoja akishona, mwingine akichambua maharagwe, na sasa alikuwa amevuka na samaki wa rafiki yake. Walikuwa wanajua maumivu ya magoti ya kila mmoja. Mpishi alijua nilikojoa kitandani hadi darasa la pili.

Waliketi kwenye mabenchi karibu na jiko, samaki wakafunguliwa, wakanuswa, wakasifiwa. Nami nilikuwa nimeketi kati yao, nina ripoti kwapani. Ningeweza kunyamaza. Madam alishalimaliza jambo hilo, na hakuna aliyekuwa amemwambia mpishi tulichokuwa tunajadili alipobisha hodi. Lakini kila alipocheka nilisikia lile neno nililoliandika kwa herufi nzito, nikaisukuma kando sahani ya posho, ugali wetu.

"Mama," nilisema, na wote wawili wakageuka. "Nasema na Mama wa jikoni."

Nikamweleza yote. Nilimweleza visanduku, namba, duara, neno, na alichopendekeza naibu muhula ukiisha. Sikujipunguzia. Mama yangu aliacha kutafuna. Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipovunja kitu utotoni, akijipa muda wa kuamua kama kilikuwa cha thamani.

"Kwani hukumuuliza?" alisema mama yangu. "Unakula kwake kila siku. Hukumuuliza hata mara moja, Mama, nani wanakaa hapa?"

"Sikumuuliza."

"Masomo yote hayo," alisema, akageuza uso.

Mpishi alisogeza kuni, akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Kijiwe," alisema hatimaye. "Jikoni yangu."

"Nisamehe, Mama."

"Leta hiyo karatasi, naona."

Nikaikunjua ripoti juu ya meza, kati ya vitunguu. Aliinama, akaitazama ramani kwa muda, kisha akaanza kuielewa, na alipoanza hakuna aliyeweza kumzuia. Alionyesha maktaba, akaonyesha uwanja wa netiboli, akaonyesha njia ya getini. Alifuata kwa kidole mstari mmoja niliouchora kuonyesha mwendo wa namba fulani siku nzima. "Huyu natoka hapa, nakwenda choo, narudi, nakwenda choo tena. Ah, huyu mimi najua. Si ni ule wa sayansi mwenye..." Nikamfunika mdomo kwa kiganja. Wiki sita nilikuwa nimelinda siri ya namba hizo kwa programu na nywila, na yeye alikuwa amezifungua kwa kuangalia mara moja. Alicheka ndani ya kiganja changu, na niliposikia kicheko hicho nilipumua.

Kisha akaondoa mkono wangu, akarudi kwenye duara jekundu. Alilitazama kwa karibu. Alihesabu vidoti vilivyokuwa ndani yake, midomo ikisogea.

"Hii simu zote za dirisha," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Hii yako."

"Ndiyo."

"Na mimi? Mimi iko wapi?"

Simu yake ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, ile ndogo ya vibonye yenye tochi, ambayo haijui waifai ni kitu gani. Kwa wiki zote zile kisanduku cha jikoni hakikuwa kimemwandika hata mara moja. Kilikuwa kimewaandika waliokuja kula na waliopita njia. Kilikuwa kimemwandika mlinzi, fundi wa mabomba aliyekuja siku moja, na mwalimu mmoja mara mbili.

"Hupo, Mama," nilisema.

"Mimi haiko."

"Hupo. Simu yako haionekani."

Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alitazama jiko lake, sufuria tatu kubwa, kuni, gunia la unga, dirisha na simu zake zimelala ubavu kwa ubavu, kisha akaitazama karatasi tena kama mtu anayetafuta mahali alipokosea mwenzake.

"Miaka kumi na mbili napika hapa," alisema. "Kama mimi haiko, hawa wote nani nalisha?"

Mama yangu alinitazama, akangoja nijibu. Mpishi akaguna. Akainama mekoni, akapaka dole gumba lake masizi ya sufuria, akarudi mezani, akalibonyeza katikati ya duara jekundu, juu ya neno langu, kwa nguvu, jinsi watu wanavyoweka sahihi kwa chifu.

"Sasa niko," alisema. "Kula, posho napoa."

Ripoti mpya niliiandika wiki ile ile. Nilibadilisha hesabu, nilibadilisha maneno, lakini ramani ya mbele sikuichapisha upya. Nilibandika ile ile ya jikoni, na harufu yake ya vitunguu. Madam aliifungua mbele yangu, akavaa miwani, akaisogeza karibu na dirisha.

"Fundi," alisema, "hili doa jeusi ni la nini?"

"Ndiye mpishi, Madam," nilimwambia.